Injini Inapozimika Juu ya Rusizi



Jina la Rusizi II linajulikana kwa mambo mawili. Kuna daraja la mpakani, ambako malori husubiri zamu ya kuingia Bukavu, na kuna mtambo wa umeme wa maji ulioanza kazi mwaka 1989, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo kupitia shirika la SINELAC. Leo naomba tutazame juu ya vyote viwili. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko jirani, na watu wa huku wamezoea mvumo wa ndege kiasi kwamba hata hawainui macho. Swali langu ni hili: ndege ndogo ya injini moja ikiwa juu ya daraja letu, kisha injini ikanyamaza, itakwenda wapi?

Nitangulize hukumu yangu, ili anayetaka kuipinga ajiandae mapema. Rubani akizimikiwa na injini na akatua salama, watu humsifu kwa ujasiri. Sifa hiyo si ya uongo, ila inaificha kazi yenyewe. Kwa sehemu kubwa alishajiokoa kabla injini haijazimika: alipopima mafuta kwa mkono wake, alipochagua kupita juu ya bonde badala ya msitu, alipokataa kushuka chini ili abiria wapige picha. Baada ya kimya kinachobaki ni kutekeleza, na muda wa kutekeleza ni dakika chache, pengine sekunde.

Kwanza tuiweke hofu mahali pake. Katika ukanda wetu, misiba mikubwa ya ndege ndogo mara nyingi haikuanzia kwenye injini. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya mashirika ya misaada aina ya Beechcraft 1900, ikitoka Kisangani, iligonga mlima ikiwa imekaribia kutua Bukavu. Watu 17 walikufa. Novemba 2017, ndege aina ya Cessna Caravan iligonga milima ya Empakaai huko Ngorongoro, wakafa 11. Juni 2018, Caravan nyingine ikagonga milima ya Aberdare nchini Kenya, wakafa 10. Mlima hauulizi kama injini ni nzima. Nayataja haya kwa sababu dawa ya mlima na dawa ya injini ni ileile: kimo. Rubani anayejipenyeza chini ya mawingu ili aone njia amejinyima dawa zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuje kwenye nguvu. Injini ya pistoni ya ndege ndogo huchoma mafuta kwa hewa inayoivuta, na hewa ya huku kwetu ni nyembamba. Kamembe iko takriban mita 1,590 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 25, injini na mabawa huiona hewa hiyo kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,300. Cessna 172 yenye injini ya nguvu-farasi 180, ambayo pwani ingetoa karibu zote, hapa hubakiwa na kama 138. Karibu robo imekwenda, na hakuna kilichoharibika. Fundi atafungua kifuniko cha injini asubuhi hadi jioni na hataona kosa. Huo ndio upotevu wa kwanza wa nguvu, nao upo kila siku, kwa kila ndege ya aina hiyo.

Upotevu huo una ndugu yake ambaye husahaulika. Katika hewa nyembamba, sindano ya mwendo humdanganya rubani kwa adabu kabisa: inaonyesha mwendo uleule wa kutua aliouzoea Mombasa au Dar es Salaam, lakini ardhi inapita chini yake kwa kasi zaidi, takriban asilimia 12. Asilimia 12 ya mwendo ni zaidi ya robo nzima katika nguvu ya kugonga, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Kijana aliyejifunzia pwani na kupata leseni yake kwa haki anapofika kwenye nyanda hizi inambidi ajifunze upya, na asione haya.

Injini ikizimika ndege haidondoki. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini mabawa hayabebi kwa injini, hubeba kwa mwendo. Cessna 172 bila injini, ikishikwa kwenye mwendo unaoifaa, husonga mbele kama mita 9 kwa kila mita moja inayoshuka. Kimo basi ni akiba. Watu wa Rusizi II hamhitaji kufundishwa jambo hili: maji yaliyozuiwa juu ya bwawa ni umeme ambao bado haujatumika, na ukiyafungulia yote mara moja hutakuwa nayo usiku. Rubani akiinua pua ya ndege kwa hofu, akidhani anajirefushia safari, anayamwaga. Mwendo unakatika, mabawa yanashindwa kubeba, na hapo ndipo ndege inadondoka kwa maana ya kweli ya neno hilo.

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Chukueni ndege hiyo ikiwa mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, hapa juu ya daraja. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Rubani ana mita 1,440 za kutumia, sawa na kilomita 13 hewa ikiwa tulivu. Njia ya Kamembe iko juu kuliko ziwa, kwa hiyo kuelekea huko zinabaki chini ya kilomita 12, na hapo bado hajatoa kimo cha kuzunguka na kujipanga na njia. Uwanja wa Kavumu, kama kilomita 30 kaskazini mwa Bukavu, ausahau. Sasa ageuze macho mashariki, kwenye msitu wa Nyungwe. Ardhi yenyewe inapanda kumpokea. Pale ilipofika mita 2,500 amebakiwa na mita 400, yaani kilomita tatu na nusu tu, na chini yake ni miti mirefu mitupu. Ageuke kusini. Mto Rusizi unateremka hadi Bugarama, ambako Rwanda inafika mahali pake pa chini kabisa, mita 950. Huko ana karibu mita 1,950 za akiba, sawa na kilomita 17 na zaidi. Ardhi inamkimbia kwa wema.

Kwa hiyo vile viduara safi vinavyochorwa kwenye vitabu vya mafunzo, vikionyesha ndege inaweza kufika wapi, huku kwetu havipo. Umbo letu limebanwa mashariki na kuvutwa kusini. Rubani anayelijua bonde hili, akitaka kuvuka kwenda Kigali, hapandi juu ya msitu. Hupanda kwanza juu ya ziwa au juu ya mto mpaka apate kimo, kisha ndipo anakata mashariki. Abiria aliye na haraka atalalamika kwamba wanazunguka bure, na amwache alalamike.

Kwa nini injini hunyamaza? Vijana wa karakana watataja vyuma: pistoni, vali, mkono wa pistoni uliokatika. Hivyo hutokea kweli. Lakini injini nyingi zilizonyamaza angani zilikuwa nzima. Zilikosa mafuta, au zilipewa mafuta yasiyokuwa mafuta.

Tazameni jinsi rubani makini anavyoanza asubuhi yake. Anachuchumaa chini ya bawa akiwa na kichupa angavu chenye kijiti kifupi mdomoni, anakisukuma kwenye tundu lililo chini kabisa ya tangi, na mafuta yanatiririka ndani. Petroli ya ndege inayotumika sana, ile inayoitwa 100LL, imetiwa rangi ya buluu makusudi. Anakiinua kichupa kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, kitone kisicho na rangi kinachotembea-tembea kichupa kikiinamishwa. Akikiona, anamwaga na kuchukua tena, hadi kisionekane. Kuna mtego hapo: kichupa kikijaa maji matupu hakuna mpaka wa kuonekana, kila kitu ni safi na kinang'aa, na mtu mwenye haraka anaridhika. Ndiyo maana haangalii kitone tu, anaangalia buluu na ananusa. Akiona hakuna buluu na vidole vinateleza kwa mafuta, basi pengine aliyejaza ameweka Jet A-1, mafuta ya injini za tabaini, ambayo ni jamaa wa mafuta ya taa. Injini ya pistoni iliyojazwa hayo inaweza kuwaka kwa petroli iliyobaki kwenye mirija, ikabeba ndege hadi mwisho wa njia, kisha ikafa wakati mbaya kuliko wote.

Kwenye viwanja vya ndani mafuta husafiri kwa mapipa. Pipa likisimama wima nje, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko. Usiku chuma kinapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yananyonywa kupitia uzi wa kifuniko. Pipa lililolazwa ubavu halina tabia hiyo. Hili ni jambo la kulaza pipa tu, halina gharama, na limewahi kuwa tofauti ya uhai na kifo. Ugumu wa kupata petroli ya ndege ndani ya bara ni sababu mojawapo ya Cessna Caravan kuenea kila mahali kuanzia Zanzibar hadi Kivu: injini yake, PT6 ya Kanada, ni ya tabaini na hunywa Jet A-1 ileile ya ndege kubwa. Ni injini ya kuaminika mno. Ila hata hiyo haiwaki kwa maji.

Kisa kinachonivutia zaidi katika habari hizi ni cha mtu wa kwetu Afrika Mashariki, kwa malezi ingawa si kwa kuzaliwa. Beryl Markham aliletwa Kenya kutoka Uingereza akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro, akawa mfunza farasi na baadaye rubani. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, katika ndege ya injini moja aina ya Percival Vega Gull iliyokuwa na namba ya usajili ya Kenya. Alikuwa akielekea Amerika dhidi ya upepo. Baada ya saa zaidi ya 20 akaiona nchi kavu, na injini ikaanza kukohoa. Mafuta yalikuwemo. Kilichokwama ni hewa: tundu dogo linaloliruhusu tangi kupumua lilikuwa limezibwa na barafu, na tangi lisilopumua halitoi mafuta. Alishuka Baleine, kwenye kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, juu ya kinamasi chenye mawe. Magurudumu yakazama na ndege ikasimamia pua. Alitoka na jeraha usoni, akiwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Nini kilimwokoa? Alichagua sehemu akiwa bado na kimo, akaifikia kwa mwendo mdogo ambao ndege bado inatii, na hakujaribu kuirefusha safari hadi mahali pazuri zaidi. Kinamasi ni uwanja mbaya, lakini ni laini, na ndege iliyofika taratibu huvunjika yenyewe ikimhifadhi aliye ndani.

Msidhani barafu ni ya Kanada tu. Injini zenye kabureta hutengeneza barafu hata nje kukiwa na nyuzi 20 za joto, maana hewa ikipita kwa kasi kwenye koo la kabureta huku petroli ikigeuka mvuke, joto lake hushuka sana. Inachohitaji ni unyevu, na unyevu Kivu haukosi. Dalili yake ni ya polepole: mzunguko wa injini unashuka kidogo, rubani anasukuma mkono wa gesi kidogo, unashuka tena, anasukuma tena, mpaka hakuna cha kusukuma. Dawa ni kuvuta kishikio cha hewa ya moto. Lakini dawa hiyo inaanza kwa kuumiza: barafu inayeyuka, maji yanaingia injini, injini inatetemeka na kukohoa vibaya kuliko mwanzo. Asiyefundishwa vema huogopa, anakirudisha kishikio, na hivyo anaizika injini ambayo ingepona baada ya nusu dakika.

Niweke hapa tukio la Kigali, ingawa ndege yenyewe haikuwa ndogo. Tarehe 12 Novemba 2009, ndege ya abiria ya safari ya RwandAir kwenda Entebbe ilirudi Kigali kwa sababu injini moja ilikataa kupunguza nguvu. Ilitua salama, ikafika maegeshoni, kisha ikachomoka na kupasua ukuta wa jengo la wageni mashuhuri. Abiria mmoja alifariki. Nguvu usiyoitawala ni hatari ileile iliyogeuzwa upande wa pili, na ndege iliyotua bado haijamaliza safari hadi injini izimwe.

Kipindi kibaya kuliko vyote ni kupaa. Hapo akiba ya kimo haipo, injini inafanya kazi kwa nguvu zote, na pua iko juu. Injini ikikatika, mwili wa rubani unamwambia ageuke arudi njiani, kwa sababu njia iko nyuma yake, ndefu, imesafishwa, na anaijua. Mwili wake unamdanganya. Kurudi si kugeuka nusu duara. Ni zaidi, kwa kuwa lazima pia aivuke na kujipanga nayo. Akiinamisha bawa nyuzi 45, mwendo ambao chini yake mabawa hayabebi hupanda kwa asilimia 19. Anageuka, anashuka, ardhi inakuja, anavuta usukani, na ndege inapinduka. Kanuni ya wakufunzi ni kavu: ukiwa chini ya kimo ulichojiwekea kabla ya kupaa, nenda mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo, basi. Anayepaa Kamembe kuelekea kaskazini ana ziwa mbele yake. Anayepaa kuelekea kusini ana nyumba, migomba na mabonde. Nani aliyemwambia rubani kwamba pande zote mbili ni sawa upepo ukiwa mwepesi?

Injini ya pili nayo siyo bima kamili. Ndege ya injini mbili ikipoteza moja inapoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wake wa kupanda unaweza kupungua kwa asilimia 80 hivi, na juu ya uwanja wenye joto na mwinuko kinachobaki kinaweza kuwa sifuri. Halafu kuna sisi tunaokaa chini. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ya injini mbili aina ya Dornier 228 yenye watu 19 ilipaa Goma kwenda Beni na muda mfupi baadaye ikaanguka juu ya nyumba za watu mjini. Wote waliokuwa ndani walikufa, na waliokufa ndani ya nyumba zao wakaongezeka. Mji unaosogea hadi mwisho wa njia ya kurukia unamnyang'anya rubani zile mita mia tano za kwenda mbele. Viongozi wa mipango miji, neno hili ni lenu.

Basi tushuke kwenye bonde letu. Kutoka juu, mashamba ya mpunga ya Bugarama yanavutia: tambarare, mapana, hayana mti. Ndani yake kuna matope na matuta, na ndege ya magurudumu matatu itasimamia pua au kupinduka. Hata hivyo mimi ningeyachagua, na ningetua sambamba na matuta. Chai ya Shagasha iko kwenye miteremko. Chai hushika na kupunguza mwendo vizuri, mradi mtu atue akipanda mlima na si akiteremka nao. Barabara ya lami inaonekana kama zawadi kwa asiyeijua Rwanda. Kwetu barabara ina watembea kwa miguu pande zote mbili, pikipiki, baiskeli zenye ndizi, na nguzo za umeme. Uwanja wa mpira ni mfupi, na wakati wowote una watoto.

Nguzo hizo nazisisitiza. Kwenye bwawa kama letu, nyaya za msongo mkubwa hutoka pande kadhaa na kuruka mabonde, na kutoka hewani waya hauonekani. Kinachoonekana ni nguzo, na kwenye bonde la kina nguzo mbili za waya mmoja zinaweza kuwa vilimani mbali sana. Januari 1954, mwandishi Ernest Hemingway na mkewe walikuwa kwenye Cessna 180 juu ya maporomoko ya Murchison, Uganda. Rubani alikuwa akiwakwepa ndege wa porini, akagusa waya wa zamani wa simu, na ikawalazimu kushuka porini. Injini haikuwa na kosa. Waya mmoja tu, tena usiotumika.

Watu huniuliza jinsi mwili wa binadamu unavyostahimili kutua kwa namna hiyo. Jibu limo katika umbali wa kusimama. Tuseme ndege na mikanda vinamudu mkazo wa mara tisa ya uzito wa mtu. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita tatu za kuserereka sawasawa zinatosha kusimama bila kuuvuka mkazo huo. Kwa kilomita 160 unahitaji mita 11. Mita tatu ni kichaka, ni tuta la viazi, ni mabawa yanayong'oka kwenye migomba. Ndiyo sababu sheria za Marekani za kutengeneza ndege za injini moja, kwa miaka mingi, ziliweka kikomo cha kilomita 113 kwa saa kwa ule mwendo wa chini kabisa ambao mabawa bado yanabeba katika umbo la kutua. Waliojua injini hufa waliandika sheria kwa ajili ya siku hiyo. Siku hiyo rubani afunge tangi, azime umeme, aache mlango wazi kidogo usije ukabanwa, na abiria wakaze mikanda mpaka iume. Mbele apachague pa kugonga kwa mabawa, kamwe si kwa pua.

Limebaki ziwa. Kivu ni tulivu asubuhi, lina kina kinachofika karibu mita 480, na kingo zake nyingi ni mwinuko mkali. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ikigusa maji hujikwaa na kupinduka, na watu hujikuta wananing'inia kwenye mikanda, kichwa chini, gizani, maji yakiingia. Wengi wanaweza kutoka, wakijua mambo mawili: shika kitu kisichosogea kabla ya kufungua mkanda, na usijaze jaketi la kuokolea ukiwa ndani. La pili lilijifunzwa kwa bei kubwa kwa jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa ikiwa njiani kwenda Nairobi iliishiwa mafuta, injini zote mbili zikazimika, na rubani Leul Abate akaishusha baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza majaketi ndani ya ndege, na maji yalipoingia yakawainua na kuwabana darini.

Walionusurika pale walifikiwa kwanza na wenyeji wa ufuoni na wageni wa hoteli ya jirani. Bukoba, Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR ya shirika la Precision Air yenye watu 43 ilipoangukia Ziwa Viktoria karibu na uwanja, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafa. Msiba huo haukuwa wa injini, na siuchanganyi na mada. Nautaja kwa sababu ziwa halijali sababu, na kwa sababu ulionyesha kwamba kasia na kamba vilivyo karibu vinashinda chombo cha kisasa kilicho mbali.

Jambo la mwisho ni la makaratasi, na naona baadhi yenu mnasinzia, lakini vumilieni. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zinataka kila ajali ichunguzwe ili isirudiwe, si ili mtu ahukumiwe. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30. Katika ukanda huu ripoti nyingi huchelewa, au hufungiwa kabatini, na rubani wa kijiji jirani anarudia kosa lililokwisha kulipiwa kwa roho za watu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe. Rubani anayezimikiwa juu ya Rusizi anaweza kuangukia Rwanda au Kongo kwa tofauti ya upepo. Ripoti za pande zote mbili zisomwe pande zote mbili, na kwa Kiswahili pia, kwa sababu fundi anayejaza mapipa ndiye anayepaswa kuzisoma.

Sasa ombi langu, nalo si kubwa. Vyama vya wavuvi vya Rusizi na vya Bukavu vikubaliane siku moja ya zoezi kila mwaka: mtumbwi upi unatoka wapi, nani ana simu ya mnara wa Kamembe, nani anakaa na kisu cha kukatia mikanda. Wenye mashamba na vijana wa pikipiki nao wajue mambo machache: ndege iliyoshuka shambani isikimbiliwe na umati, sigara izimwe, propela isiguswe hata ikiwa imesimama, na njia ya gari la wagonjwa iachwe wazi. Wilaya iite kikao hicho kabla ya msimu wa mvua. Mimi nitakuja, na nitakaa kiti cha nyuma.